Jarida la Kila Wiki la Gari la Majitaka

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa sebule, mpaka siku mtu mmoja alipokitamani akaingia na meza yake. Sasa kilikuwa ofisi. Mlangoni palibandikwa karatasi yenye herufi nyembamba za kijivu, hafifu kiasi kwamba mgeni alilazimika kusogeza pua ndipo asome: Mbunifu Mkuu. Mbunifu mdogo hakuwapo, wala wa kati. Alikuwapo yeye peke yake, kiti chake chenye magurudumu, na skrini pana kama mlango wa kabati, ambayo ukiketi mbele yake inakubidi ugeuze shingo ili uione kona ya pili.

Mtaani walimwita Mapambo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti, na ukitaka mkosane mwite fundi. Fundi, alisema, ni wa mabomba. Yeye alikuwa anabuni hisia. Alisema hivyo hata kwa muuza mkaa, ambaye alimuuliza tu anafanya kazi gani, akaishia kusimama juani na gunia begani akisikiliza habari za nafasi nyeupe na jinsi jicho la mwanadamu linavyopenda kupumzika.

Nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga na ambaye, kwa maoni ya majirani, alikuwa hajamtua bado.

Dada alikuwa na gari la majitaka. Lilikuwa lori kuukuu lenye tangi mgongoni, pampu inayokohoa na mpira mrefu wa kushushwa shimoni. Aliachiwa na mumewe alipofariki, na watu wakakaa mkao wa kungoja aliuze. Hakuliuza. Alipanda kiti cha pembeni, kando ya dereva, mtu mzima wa maneno machache ambayo yote yalikuwa na ncha. Akajifunza vichochoro, akajifunza mashimo, akajua lipi lina mfuniko wa zege na lipi limefunikwa kwa mabati na matumaini. Baada ya muda watu hawakushangaa tena kumwona mwanamke amesimama kando ya choo chao akitoa amri.

Ubavuni mwa tangi marehemu alikuwa ameandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama ndoo: TUNANYONYA VYOO NA MASHIMO. Chini yake namba ya simu. Tarakimu mbili za mwisho zilibanana kwa sababu nafasi ilimwishia. Ilikuwa kazi mbaya ya rangi, na iliwalisha yeye, mkewe na dereva miaka yote. Gari likisimama kwa jirani, mtu alitoka, akaisoma ile namba kutoka upande wa pili wa barabara, akaiandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa choo chake, akangoja siku yake ifike.

Shida ilianza pale Mapambo alipolitazama gari lile kwa macho ya kitaalamu.

"Dada, gari lako linapiga kelele."

"Ni ekzosi. Dereva ataitazama."

"Nasema maandishi. Yanamfokea mtu. Hayana staha."

"Ni gari la vyoo, mdogo wangu. Staha ya nini tena?"

"Ndiyo maana mnabaki hapo mlipo. Mteja wa siku hizi hanunui huduma, ananunua hadithi."

Dereva alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyoonekana. "Mimi sijawahi kunyonya hadithi," ilisema miguu. "Lakini kama ipo ilete, mpira upo."

Dada alicheka akadhani yameisha. Hayakuisha. Mapambo aliyavalia njuga. Kila chakula cha jioni kilikuja na somo: utambulisho, rangi, hisia. Dada alikuwa anarudi amechoka, mgongo unauma, na huyu ndiye mdogo wake wa mwisho, aliyesomeshwa kwa jasho la mpira ule ule. Alipokubali, hakukubali kwa sababu ameelewa. Alikubali ili ale kwa amani.

Basi gari likapelekwa kupakwa rangi. Lilirudi jeupe pepepe, na ubavuni neno moja, herufi ndogo zote, rangi ya majivu: wepesi. Chini yake, kwa herufi nyembamba zaidi: suluhisho za mtiririko. Na chini kabisa, anwani ya tovuti.

"Namba iko wapi?" akauliza dada.

"Ukiwapa namba, nani atakuja kwenye tovuti?"

Hata laini yenyewe ya simu ilikuwa bado kwa jina la marehemu. Mapambo akashauri iachwe ife, achukue mpya yenye tarakimu za kupendeza. Mwanzo mpya, alisema. Dada akachukua laini mpya. Kwa hiyo kukawa na namba moja tu ya kumpata mwenye gari, na namba hiyo iliishi mahali pamoja tu, ndani ya tovuti ya Mapambo.

Tovuti ile inastahili kuelezwa, maana waliobahatika kuimaliza ni wachache.

Ukiifungua, kwanza ulikutana na tone la maji. Lilianguka kutoka juu, taratibu, kama linalofikiria. Likagusa chini, mawimbi yakatanuka, mawimbi yakawa neno wepesi. Sasa, kurasa nyingi huweka kitu kama hicho ili mtu asichoke wakati yaliyomo bado yanapakiwa. Hapa haikuwa hivyo. Yaliyomo yalikuwa yameshafika zamani, lakini Mapambo aliyafungia mlango kwa makusudi mpaka tone limalize safari yake. Lilikuwa limemchukua majuma mawili kulichora, na hakuwa tayari lipite bila kutazamwa.

Baada ya tone ikaja video ya maporomoko, nzito kama gari lenyewe likiwa limejaa. Kabla hujajua maporomoko yanahusiana nini na choo chako, dirisha likakurukia usoni: Jiunge na jarida letu la kila wiki. Ndiyo, gari la majitaka lilikuwa na jarida. Toleo la kwanza, lililohusu utulivu na mambo ya kutafakari kuhusu maji, lilimfikia Mapambo mwenyewe, dada yake, na mtu mmoja aliyejiandikisha kwa kuteleza kidole. Ukilifunga dirisha hilo, kona ya chini akachomoza roboti mwenye tabasamu: Habari, mimi ni Tone. Leo unajisikiaje?

Kulikuwa na kitufe kimoja kikubwa kilichoandikwa Anza Safari. Ukikigusa unapelekwa kwenye picha ya msitu. Chini ya msitu kulikuwa na falsafa yetu, chini ya falsafa picha ya mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine, na chini ya mawe, kwa kijivu juu ya nyeupe, namba ya dada. Tena haikuandikwa bali ilichorwa, ikawa sehemu ya picha, hivyo kidole hakikuweza kuigusa ikapiga wala kuinakili. Uliyeiona ulipaswa kuikariri.

Halafu, mwisho wa yote, palikuwa na ukanda mweusi wenye herufi nyeupe nene: Imebuniwa na Mbunifu Mkuu. Gusa hapa kupiga. Ilikuwa sehemu pekee ya tovuti nzima ambayo hata mzee aliyesahau miwani angeisoma. Mapambo alijua vizuri sana jinsi ya kuifanya namba ionekane. Ni vile tu haikumjia akilini kwamba kuna mtu mwingine angependa kuonekana.

Kwenye skrini yake pana, kwa kompyuta yake yenye nguvu iliyokwisha kuzihifadhi picha zote, tovuti iliteleza kama sabuni. Hakuwahi kuifungua kwingine. Simu aliifungua siku moja, yake mwenyewe, akiwa ofisini mwake, karibu na mtandao wake, akaona inatosha. Akaitangaza kwenye kundi la wabunifu mtandaoni, na sifa zikamwagika. Mmoja aliandika kwamba tone lile limemtoa machozi. Mapambo alimsomea dada yake maneno hayo mezani.

"Wameingia watu wengi?" dada akauliza.

"Mamia."

"Wote hao vyoo vyao vimejaa?"

"Ni wabunifu wenzangu, dada."

"Wanakaa wapi?"

"Huko na huko. Wengine nchi za nje."

"Sasa mpira utawafikiaje?"

Mapambo alitikisa kichwa kwa huruma, jinsi unavyomtikisia mtu ambaye hajasafiri.

Wiki zikapita, na simu mpya ya dada ilikaa kimya. Aliiweka mezani wakati wa kula, aliiweka chini ya mto wakati wa kulala. Siku moja alimwomba dereva aipige, aone kama ni nzima. Ikaita vizuri kabisa. Dada akaikata, akaigeuza kifudifudi.

Simu iliyokuwa haikauki ilikuwa ya Mapambo. Mwanzoni alipokea kwa sauti nzito ya ofisini, akitegemea benki, akitegemea hoteli. Lakini waliopiga walikuwa watu wa ajabu.

"Kaka, huku maji yameshafika barazani. Mko wapi?"

"Mama, hapa ni idara ya ubunifu. Kwa huduma tafadhali tembelea tovuti."

"Ndiko nilikoitoa namba."

"Basi rudi, ushuke mpaka chini. Baada ya mawe."

"Mawe gani tena, kaka?"

Akakata. Alilalamika kwenye kundi lake kwamba watumiaji wa siku hizi hawajui kusoma, na wenzake wakampa pole. Kwa dada hakusema lolote, kwa sababu haikumpitikia kwamba ni habari. Aliiona kama kero, kama mbu.

Mwisho wa mwezi ulipokaribia, akaja mnunuzi. Alikuwa na magari mawili ya aina ile, shati limepigwa pasi, sauti laini. Alilizunguka lori, akapiga tairi teke, akapitisha kidole kwenye rangi nyeupe.

"Rangi nzuri, dada yangu," alisema. "Itanibidi niifute, niandike namba."

Walikubaliana hivi: kama kazi haitapatikana mpaka Jumamosi, alasiri yake angekuja na dereva wake kulichukua. Dereva wa dada alisikia hayo akiwa ameegemea mlango wa gari. Dada alikuwa ameshapita hospitali alikokuwa akifua mashuka kabla hajaolewa. Walimwambia nafasi ipo. Aliporudi alivua viatu mlangoni, akamwambia mdogo wake hivyo hivyo, kwa kifupi, na Mapambo akasema kwamba soko lina mizunguko yake.

Jumamosi asubuhi geti liligongwa kwa kitu kigumu. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kitenge na mwavuli, na kilichogonga kilikuwa mwavuli. Ni mwenye nyumba ya wageni iliyokuwa upande wa pili wa mji, mteja wa tangu enzi za marehemu. Kila mtu alimwita Mama Gesti.

"Mwanangu," alimwambia dada kabla ya salamu, "umeninunia?"

"Nikununie kwa lipi, mama? Karibu ndani."

"Sikai. Shimo limejaa tangu juzi. Nina wageni wa semina. Leo mwalimu wao kaniuliza, kwa adabu zote, kama jirani yangu ana choo. Namba yako ya zamani haiiti. Jana nikaliona gari lako njiani, nikalikimbilia kwa umri wangu huu nisome namba. Nikakuta limeandikwa nini sijui, wepesi. Nikadhani ni la maziwa."

Dereva, aliyekuwa akiosha gari kwa mara ya mwisho, aliweka ndoo chini asikie vizuri.

"Hapa nimefika kwa kuuliza," aliendelea Mama Gesti. "Nimeuliza kwa waziba pancha, wakanielekeza. Mtu mzima naulizia choo barabarani."

Mapambo alitokea mlangoni pa ofisi yake, kikombe cha chai mkononi. "Shikamoo mama. Lakini namba iko kwenye tovuti."

"Marahaba. Huko nimeingia, mwanangu, kwa anwani ile ya ubavuni mwa gari. Nimeingia mpaka nikapotea."

"Labda ni mtandao wako. Au simu yenyewe ni ya zamani, maana..."

"Kwa hiyo tuwe tunachagua wateja kwa simu zao?" dada akauliza. Hakupandisha sauti. Alivuta benchi la barazani. "Mama, kaa hapa. Toa simu yako, ingia tena, tukuone. Na wewe kaa huku. Usiseme neno."

"Naweza tu kumwelekeza..."

"Nyumbani kwake ungekuwapo kumwelekeza?"

Mapambo akakaa.

Simu ya Mama Gesti ilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona, na kioo chake hakikufika upana wa kiganja. Alivaa miwani. Alibonyeza. Skrini ikawa nyeupe, ikabaki nyeupe. Kisha tone likatokea juu, likaanza kushuka, likakwama hewani.

Wakangoja. Jogoo wa jirani alipita barazani, akawatazama, akaenda zake.

"Hiki ni nini, kinavuja?" Mama Gesti akauliza.

Mapambo alifungua mdomo. Dada alimtazama. Akaufunga. Alikuwa hajawahi kumwona mtu akilitazama tone lake bila kuambiwa kwanza kwamba ni zuri. Uso wa Mama Gesti haukuwa na ubaya wowote, ulikuwa tu uso wa mtu anayengoja foleni isogee.

Tone likaanguka. Maporomoko yakaja vipande vipande, yakajaza kioo chote, yakaganda. Mama Gesti alijaribu kuyasukuma kwa kidole, na hapo dirisha likamrukia.

"Linataka barua pepe. Jarida la nini hili?"

"La kila wiki," alisema dereva.

"La choo?"

"La choo, mama. Mambo ya kutafakari."

Mama Gesti alimtazama aone kama anataniwa. Akarudi kwenye simu, akahangaika kulifunga lile dirisha. Alama ya kufunga ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, na kila alipoikosa dirisha lilimshukuru kwa kujali. Lilipofungika, roboti akachomoza.

"Ananiuliza najisikiaje." Aliandika polepole huku akisoma kwa sauti: "Vi-ba-ya." Akangoja. "Anasema amefurahi kusikia hivyo. Anauliza kama ningependa kujua falsafa."

Dereva aliinama kuokota kitu ambacho hakikuwepo chini. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Mapambo alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa anaiona tovuti yake, kwa mara ya kwanza, ikiwa na ukubwa wa kiganja cha mtu mwingine. Maneno ya kijivu, ambayo kwenye skrini yake yalikuwa na utulivu wa kitabu cha picha, hapa barazani kwenye mwanga wa asubuhi hayakuwapo kabisa. Kulikuwa na weupe mtupu. Mama Gesti alishuka, akashuka, akakigusa kitufe cha Anza Safari, akajikuta msituni, akarudi, akashuka tena. Kidole gumba chake kilipita juu ya namba ya dada bila kupunguza mwendo.

"Mawe haya ya kazi gani?" alinong'ona. Kisha uso ukamchangamka. "Ehee, hii hapa. Hii ndiyo niliyopiga jana. Kuna kijana mmoja alipokea, hana adabu hata chembe, akaniambia nirudi nitazame baada ya mawe. Ngoja nimpigie tena, leo nina muda naye."

Akaugusa ukanda mweusi.

Simu yake ikaanza kuita. Halafu mfukoni mwa suruali ya Mapambo ukaanza muziki.

Hakuna aliyecheka. Hata dereva. Muziki uliendelea, wimbo wa kinanda aliouchagua kwa sababu ulikuwa na hadhi.

"Pokea," alisema dada.

"Dada, nitaeleza..."

"Mteja anapiga. Pokea."

Akaitoa, akaiweka sikioni. Mama Gesti alikuwa amekaa umbali wa mkono kutoka kwake, naye simu sikioni, wakitazamana.

"Haloo," alisema Mama Gesti.

"Haloo," alisema Mapambo.

"Kumbe ni wewe."

Akakata. Akaikunja miwani yake, akairudisha kwenye pochi kwa utaratibu.

"Wamepiga wengine?" dada aliuliza.

"Wachache."

"Wachache kiasi gani?"

Mapambo alitazama ndani ya kikombe. "Kila siku wapo."

"Ulikuwa unawaambia nini?"

"Nilikuwa nawaelekeza kwenye tovuti."

Dada alikaa kitako kwenye ngazi ya baraza. Kwa muda alikuwa mtu anayefanya hesabu kubwa bila kalamu: wiki zote zile, simu ikiwa kifudifudi, mashuka ya hospitali. Kisha akainuka, akamgeukia dereva. "Mpeleke mama. Malizeni shimo lote, na lile dogo la nyuma." Mama Gesti akapanda kiti cha mbele na mwavuli wake kama anayepanda ndege. Dereva aliwasha, pampu ikakohoa, gari la maziwa likatoka getini.

"Sasa wewe," dada alisema. "Mnunuzi anakuja alasiri. Nenda kaiweke namba yangu juu. Juu kabisa, mahali ambapo yule mama ataiona akiwa amesimama kwenye maji."

Ilionekana kazi ya dakika. Mapambo akaketi mbele ya skrini yake pana, akaishika namba, akaipandisha. Tone likaanza kuanguka kwa upande. Akalirekebisha tone, maporomoko yakafunika kila kitu. Akayapunguza maporomoko, roboti akahamia katikati ya ukurasa akiuliza watu hali zao. Ukweli ni kwamba tovuti ile hakuijenga. Aliinunua ikiwa imeshajengwa, kiolezo cha kujazia jina tu, akabandika juu yake vipande alivyookota huku na kule, na hakuna kipande hata kimoja alichojua kwa nini kinafanya kazi. Ilisimama kama mzigo uliofungwa na mtu mwingine. Ukivuta kamba moja, vyote vinakuja.

Dada alikuwa mlangoni. "Bado?"

"Inahitaji kufikiriwa upya. Nipe mpaka Jumanne."

"Jumanne ya nani? Namba ni tarakimu kumi."

Kijasho kilimtoka. Alijaribu tena, akaharibu zaidi. Mwishowe akafanya kitu ambacho angemkaripia mwanafunzi yeyote kwa kukifanya. Akafungua ukurasa mtupu. Akaandika kwa herufi nyeusi juu ya nyeupe: Tunanyonya vyoo na mashimo. Chini yake namba, kubwa, iliyoandikwa na siyo kuchorwa, ili ukiigusa ipige. Chini ya namba, mitaa ambayo gari linafika. Akaandika pia kwamba kama geti ni jembamba waseme mapema ili uletwe mpira mrefu, kwa sababu dada alimtajia jambo hilo kutoka mlangoni, na yeye hakujua kama kuna mpira mrefu. Hakuweka picha. Kwa mazoea vidole vilianza kuandika Imebuniwa na, vikasita, vikafuta.

Aliuweka mahali pa ile tovuti, akaufungua kwa simu. Ulikuwa umeshafunguka kabla hajainua kidole. Alijihisi kama mtu aliyetoka nje bila shati. Hata hivyo moyoni alikuwa ameshaanza kuutafutia jina. Alifikiri kundi lake lingeweza kuukubali, endapo angeueleza kama mtindo wa ukimya.

Mnunuzi alifika alasiri, shati jingine, pasi ile ile. Dereva wake alikuwa nyuma yake akichezea funguo zake mwenyewe. Akatazama uani, akatazama alama za mafuta mahali gari lilipokuwa linasimama.

"Dada yangu, gari liko wapi?"

"Kazini."

"Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana kama hakuna kazi."

"Na sasa ipo?" Alitabasamu, kwa upole wa mtu aliyezoea kungoja wengine wachoke. "Dada yangu, shimo moja si kazi. Wiki ijayo utanipigia mwenyewe."

Dada alimgeuzia mgongo. Alinyoosha mkono kwa mdogo wake. "Simu yako."

"Ya nini?"

"Wenye vyoo wana namba yako. Yangu hawana. Kwa hiyo namba ya gari ni hiyo yako, na ndiyo utakayoiweka kwenye ule ukurasa mpya. Wewe nitakupa hii yangu ya tarakimu za kupendeza, haina mtu anayeijua, utapumzika." Akaipokea simu, akaitazama, akamrudishia. "Lakini kwanza wapigie wote uliowakatia. Mmoja mmoja. Hapa, nisikie."

"Dada, benki wakinitafuta kwenye namba ile?"

"Watakuwa na choo pia."

Mnunuzi alikuwa bado amesimama getini. Hakuondoka, alitaka kuona. Mapambo aliketi kwenye benchi, akaanza. Wa kwanza alikuwa ameshapata gari jingine, akamwambia mambo ambayo hayaandikiki. Wa pili alikata aliposikia sauti yake. Mnunuzi akatikisa funguo mfukoni. Wa tatu alipokea, mwanamke, na nyuma yake watoto walikuwa wanazomeana.

"Habari yako, mama. Napiga kutoka... napiga kuhusu gari la majitaka."

"Wewe si ndiye yule wa baada ya mawe?"

Dada alikuwa amesimama juu yake. Mnunuzi alisogea hatua moja.

"Ndiye," alisema Mapambo.

"Shimo bado limejaa. Nifanyeje, nitembelee wapi leo?"

"Usitembelee popote, mama," alisema Mapambo, na akamwashiria dada yake ampe kalamu. "Nitajie mtaa, na rangi ya geti."

Mnunuzi aliusikiliza mtaa mpaka mwisho, na rangi ya geti pia. Kisha akamwambia dereva wake warudi.